Masharti Matatu ya Miwani

Juzi, nikiwa katika ofisi moja Likoni, nilimwona karani akihesabu kwa kompyuta wanaostahili miwani ya bure. Fomula yake ilimhesabu tu mkaazi wa hapo, aliyepita miaka sitini, asiyeona vyema. Bibi mmoja aliyefika hapo akakosekana katika hesabu, karani akamwambia:

"Umri wako haukuandikwa, bibi."

"Kitambulisho sina, na mwaka niliozaliwa siujui. Kwani mwanangu, miwani huvaliwa machoni au kwenye miaka?"

Mzee aliyemshika mkono akajibu taratibu, "Mimi ni mwanawe wa tatu. Nina sitini na mbili."

Karani akacheka, akaandika themanini na tano kwa kukisia, na hesabu ikaongezeka kwa mmoja. Fomula haikukosea, ilijibu ilichoulizwa. Lakini nilijiuliza, ni wangapi waliorudi nyumbani kimya kwa kukosa wa kuwasemea?