Mtego Wangu wa Nungunungu

Hili nalisema nikitazama chini. Wakati wa Emajensi, hali ya hatari aliyoitangaza mkoloni, nilikuwa mhunzi Kianjokoma, na nyuma ya nyumba nilikuwa nikiunda maumbo ya chuma yasiyofanana na kitu chochote duniani. Nilipenda tu vile yalivyojipinda.

Siku moja hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, akakuta umbo moja, refu kunishinda, lenye meno.

"Hii ni nini?"

Siku zile chuma kisichoeleweka kiliitwa bunduki, na kwa bunduki watu walinyongwa. Nikasema ni mtego wa nungunungu.

Hedimani alifurahi mno, maana nungunungu walikuwa wamemmalizia viazi. Akanisamehe kazi ya lazima ya kuchimba handaki la kuzunguka kijiji. Kesho yake akaniamuru niutege mtego wangu pale pale handakini, kijiji kizima kikiangalia. Nikauzunguka mara tatu, nikigusa hapa na pale, mpumbavu mimi, hedimani akinisifu.

Mke wangu akatoka handakini na jembe la kuazima, akainama, akatazama jino la katikati.

"Baba Njeru," akasema kwa sauti, "si hili ndilo jembe langu, lile uliloniambia hedimani aliliiba?"