Siku Niliyotoa Mawe Kwenye Tangi la Samaki

Naomba niwaambie mapema kabisa kwamba mie ndiye yule mtu aliyemkamata shangazi wa mchumba wake vidole ndani ya beseni la kunawia, mbele ya mama yangu mzazi, mahari hata haijapokelewa, ili mkitaka kucheka mcheke sasa hivi mmalize, maana huko mbele haichekeshi sana.

Mnaonijua mnajua ugonjwa wangu ni samaki. Pale Mbagala, sebuleni kwa mama, nilikuwa na tangi kubwa la kioo lenye mbuna, wale samaki wadogo wa rangi kali wa Ziwa Nyasa wanaokaa kwenye mapango ya mawe, kila dume na pango lake, na mwenzake akisogea tu ni vita. Kwenye kundi letu la wafugaji, kwenye simu, mwalimu nilikuwa mie. Mtu akiuliza aweke wangapi na achanganye nani na nani, namjibu kabla hajamaliza kuandika: usiweke wachache, watamwandama mmoja mpaka afe, weka wengi kiasi ili ugomvi ugawanyike, madume machache majike mengi, mgeni usimlete peke yake, na kabla hujamtia pangua mawe yote uyapange upya ili wenyeji nao waanze kutafuta makazi kama yeye, halafu zima taa wazoeane. Nilikuwaga nayasema hayo kama natoa hotuba ya Ijumaa (nisameheni, ndivyo nilivyokuwa).

Basi nikamposa Zuhura, binti wa Kigamboni. Kwao wana kawaida yao, posa ikishakubaliwa, kabla ya kupokea mahari, shangazi wa binti anakuja kupaona mahali binti atakapoishi. Anakuja mchana, anakula, anatazama, anaondoka zake, na atakalolisema yeye baba wa binti haongezi neno. Zuhura akanionya kwenye simu, "Idrisa, shangazi Mwajuma haongei sana, lakini ukiona ameanza kuuliza maswali ujue kuna kitu kakiona."

Na cha kuonwa kilikuwepo. Nyumba ya mama ina vyumba vitatu: kimoja analala mama na mdogo wangu Salma, kingine kaka yangu na mke wake, na cha tatu changu, ila humo humo wanalala pia watoto wa kaka, godoro lao asubuhi tunalisimamisha nyuma ya mlango. Mpango wangu ulikuwa Zuhura aingie humo, watoto wahamie kwa bibi yao, yaani chumba cha mama na Salma, tutabanana tu, si ndo maisha ya Dar? Sikumwambia mtu, lakini moyoni nilijua mpango wenyewe haujakaa sawa, ndiyo maana nikaona bora shangazi apate kitu kizuri cha kutazama asiwe na haja ya kutazama vyumba. Nikategemea tangi.

Ishu ni kwamba mbuna wakiona mgeni wanajificha, unamwonesha mtu samaki anaona mawe. Kwa hiyo asubuhi ya siku hiyo nikaamua jambo dogo tu, nikayatoa mawe, karibu yote, nikayarundika uani, kisha nikatoka kwenda kununua samaki wa njano, mmoja tu, kwa sababu wa kwangu walikuwa bluu watupu na niliona njano itapendeza pale katikati. Yaani yote niliyowakataza watu nimeyafanya mwenyewe kabla sijanywa chai. Salma akaja akamtazama yule wa njano akasema, "Huyu ndo wifi." Tukacheka sana.

Bi Mwajuma akafika baada ya adhuhuri, buibui lake safi, ananukia udi. Tukampa shikamoo zake, tukamketisha kwenye kochi la heshima, ambalo (akili zangu mie!) nilikuwa nimelisogeza mwenyewe mpaka ubavuni mwa tangi. Sinia la pilau likatua mkekani. Salma akapiga magoti mbele ya mgeni na jagi na beseni amnawishe, na mie nikaona hapa ndipo pa kujionesha, nikasema, "Shangazi, hebu ona wanavyokula mkononi," nikafunua kifuniko cha tangi.

Humo ndani hali ilishaharibika kitambo, mie ndo sikutaka kuiona. Lile dume kubwa, ambalo nyumbani tunaliita Mwenyekiti, lilikuwa halina pango la kulinda tena, basi likaamua tangi zima ni lake. Wa njano mkia ulishachanika. Anakimbilia kona hii anapigwa, kona ile anapigwa, jiwe la kujibanza nyuma yake hakuna. Chakula kilipogusa maji wote wakaja juu kwa pamoja, Mwenyekiti akamvaa, na wa njano akaruka nje.

Akatua mapajani kwa Bi Mwajuma, akateleza kwenye buibui, akadumbukia kwenye beseni, kwenye maji ya sabuni, na mikono ya shangazi bado imo. Salma akapiga yowe akaachia jagi, nusu ya maji ikaingia kwenye pilau, na mie nikatumbukiza mkono kumwokoa samaki, nikakamata nilichokamata, nikakivuta kwa nguvu zangu zote, kumbe ni vidole vya mkwe wangu. Jamani, mkwe! Mtu ambaye hata kumtazama usoni unamtazama kwa kuibia.

"Niachie, baba," akasema taratibu.

Nikamwachia. Mkono wake wa pili ukatoka majini na samaki kiganjani. Mbio mbio nikampokea nimrudishe tangini, akasema, "Humo usimrudishe, watammaliza." Nikachota maji ya tangi kwenye bakuli la kachumbari, nikamtia. Akawa anahema juu juu, sote tunamtazama, na hapo maswali yakaanza.

"Huyu mmemleta lini?"

"Leo asubuhi, shangazi."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Na humo ndani, kwake ni wapi?"

Mie, mwalimu wa kundi zima, nikaanza kujifuta mikono kwenye shati. Nikasema mawe yapo uani. Akaitikia kwa kichwa, akageuka polepole akautazama mlango wa chumba changu, na lile godoro nyuma yake lilikuwa limechungulia.

"Na Zuhura?"

Nikaanza kueleza habari za kubanana, za watoto kuhamia kwa bibi yao, za kwamba ni kwa muda tu, maneno mengi yasiyokwenda popote, mpaka mama akanikatiza.

"Bi Mwajuma, mie niliolewa kwenye nyumba ya mama mkwe," akasema. "Mawifi wamejaa, mlango wa kufunga sina. Nikitaka kulia naenda chooni namwaga maji ili wasinisikie. Hakuna wa kwetu aliyekuja kupaona." Akanigeukia. "Tafuta pengine, mwanangu. Sikufukuzi. Ila usimlete huyo mtoto humu."

Nimeishi na mama umri wangu wote na sikuwahi kulisikia hilo. Aibu ya vidole ikaniisha pale pale, ikaja nyingine iliyoniuma hasa, kwa sababu hata hapo alipokuwa anasema hivyo, usiku analala na Salma, na mlango wa kufunga bado hana.

Bi Mwajuma akasema, "Zuhura utampata. Kapange hata chumba kimoja, ukishakipata niite nije nikione." Kisha akanawa upya, akala pilau la upande usiolowa, akalisifu.

Tulipanga Chamazi, vyumba viwili. Tangi nalo Zuhura alikubali nihame nalo, kwa sharti moja, mawe yatangulie. Na mie nimekula kiapo kwamba simleti tena kiumbe yeyote popote, awe samaki awe mtu, kabla sijajua atajificha wapi siku akielemewa. Kundini siku hizi naandika kidogo.

Mama alipokuja kututembelea mara ya kwanza alisimama mbele ya tangi akimtafuta wa njano, akamwona anachungulia kwenye pango lake, Mwenyekiti akapita zake na hakuna kilichotokea. "Kumbe alipona," akasema. Halafu akauliza kama anaweza kujinyoosha kidogo chumbani kwetu, safari imemchosha. Akaingia. Tukasikia mlango unafungwa, kisha komeo linasukumwa kwa ndani. Zuhura akaniangalia, nikapunguza sauti ya televisheni, na mpaka jioni hatukumgongea.