Sahihi ya Mtafiti Mkuu

Mkataba wa mtafiti mkuu nilioletewa Karatu ulikuwa mnene kuliko Biblia ya mama yangu, na huruma haikuwemo hata ya kusingizia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kampuni ya dawa ya ng'ambo ilitaka kujaribu dawa mpya ya kifafa hospitalini kwetu, na daktari wa kulisimamia jaribio nilikuwa mimi.

Nilimwomba mjumbe wao aongeze sentensi moja tu: mgonjwa atakayepata nafuu aendelee kupewa dawa hata jaribio likiisha.

"Daktari, huu ni mkataba sanifu," akasema. "Nchi zote zinasaini huu huu. Hatubadilishi hata nukta."

Kisha akauliza kama kesho yake atawahi kushuka kreta kuona faru. Wakuu wangu walishakubali kila kitu, nikasaini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuwahi kukutana na wageni wa namna hii.

Kati ya wagonjwa wetu alikuwemo binti wa kutoka Daa ambaye dawa zote tulizokuwa nazo zilishamshinda. Mama yake, mkulima wa mahindi na mbaazi, alinisikiliza nikimsomea fomu ya ridhaa, akauliza swali moja.

"Na wewe umesaini?"

"Nimesaini, mama."

"Basi imetosha."

Kwetu, mtu unayemjua akiweka sahihi kwenye jambo lako, huyo ni mdhamini wako. Mambo yakiharibika unagonga mlango wake. Nilimweleza kwamba mimi nimesaini na kampuni, na kampuni inaweza kuacha siku yoyote. Akacheka, akaniambia madaktari tunapenda kutisha watu.

Dawa ilifanya kazi. Miezi ikapita binti hajaanguka. Akaanza kupika peke yake na kwenda mnadani peke yake, na mama akaanza kupata usingizi. Nilifurahi kama mtoto.

Kisha kampuni ikasitisha jaribio kwa sababu za kibiashara. Dawa haikuwa na ubaya wowote, ila wameona haitawalipa. Mkataba ulinitaka nirudishe kila kidonge. Niliomba waniachie vya binti yule tu, wakanijibu kwa namba ya kifungu. Gari likaja likabeba maboksi yote. Hasira ile ninayo mpaka leo, na sitaki iniishe.

Nilimrudisha binti kwenye dawa za zamani, na kifafa nacho kikarudi. Siku moja alianguka mafigani akipika makande, mkono ukaungua hadi kwenye kiwiko. Kampuni haikuandika lolote, kwa sababu kimkataba hakuwa mgonjwa wao tena.

Mama yake alimleta kwangu. Hakupiga kelele, ningeshukuru kama angepiga.

"Ile dawa iko wapi, daktari?"

"Wenyewe wameichukua, mama. Nimewarudishia yote."

Alimtazama binti yake, kisha akanitazama mimi.

"Na huyu, mimi nimrudishe kwa nani?"