Maua Yaliyoanikwa Uani

Mie hasira zangu zi karibu, na hakuna kitu kinachozichokoza kama vumbi. Mwezi wa Shaabani, watu wanasafisha nyumba kuisubiri Ramadhani, nilitoka Muheza asubuhi kwenda Tanga mjini kumsaidia mama usafi. Baada ya shikamoo na marahaba nikakaa sebuleni, macho yakaenda moja kwa moja kwenye maua yake ya plastiki juu ya kabati. Toba! Vumbi limeyashika mpaka huwezi kujua ni waridi au bamia zilizokauka.

Maua hayo marehemu baba aliyanunua Mombasa. Alipanda nayo basi, akayavusha mpaka wa Horohoro ameyapakata mapajani, yasije yakapondeka. Kila Shaabani mama aliyaosha mwenyewe, moja moja, na ole wako uyaguse. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akienda kwa watu anapitisha kidole juu ya meza yao, anakitazama, halafu hasemi kitu.

"Mama, vumbi gani hili?" nikamuuliza, na sikuuliza kwa adabu.

"Vumbi? Nimeyapangusa juzi. Wewe nawe, hujavua hata baibui, ushaanza."

Nikanuna. Nilidhani ni uvivu wa uzee. Nikachukua beseni, sabuni ya unga na mswaki uliokwisha, nikakaa uani nikasugua jani kwa jani. Maji yalitoka meusi tii, nikayamwaga mara tatu. Na ule wekundu haukurudi. Chini ya vumbi maua yalikuwa yamepauka, yamekaribia kuwa meupe. Nikayabana kwenye kamba kichwa chini, yachuruzike maji.

Mama akatoka jikoni, akasimama hatua nne kutoka kwenye kamba.

"Nguo za mtoto wa nani hizo?" akauliza.

Nikadhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amekunja uso, anakodoa macho, anangoja jibu.

"Mama, ni maua yako."

Akatafuta ukuta kwa mkono, akakaa. Akasema taratibu, "Kaka yako asijue. Akijua sioni atanichukua Dar, nyumba hii aipangishe. Mie sitoki hapa. Hapa kila kizingiti nakijua kwa unyayo."

Nilimwonea huruma, na ile sauti yangu ya sebuleni ikanitia haya. Nikamsogelea, nikamtazama machoni vizuri. Mboni zilikuwa na ukungu mweupe.

"Mama, huyu si mtoto wa jicho tu? Anatolewa huyu."

"Wakutie kisu jichoni, wewe utakubali?"

"Basi chagua. Hospitali au Dar."

Maneno makali hayo, najua, lakini ndiyo yaliyonijia. Akaguna. Akaomba nimpe ua moja. Akalishika kwa mikono miwili, akalipapasa jani moja moja, maji yanamtiririkia kanga.

"Bado mekundu?"

"Mekundu, mama. Yanawaka."

"Haya, nipeleke. Nataka niyaone mwenyewe, maana wewe kazi zako za kulipua nazijua."

Mwezi wa Ramadhani haujaandama, akapasuliwa jicho moja. Usiku wa kuamkia siku hiyo mimi sikulala kwa hofu. Yeye alikoroma. Kesho yake baada ya kupasuliwa, bandeji ikatolewa, nikamrudisha nyumbani. Mlangoni nikampa mkono, akaukataa. Akaingia sebuleni peke yake, akaenda mpaka kwenye kabati, akayatazama maua ya baba muda mrefu.

"Muongo wewe," akasema. "Haya ndiyo mekundu?"

Nikaanza kujitetea. Akanigeukia, nikajua sasa nitagombezwa, nikainamisha kichwa. Lakini hakugomba. Alinisogelea, akausukuma mtandio wangu nyuma, akazigusa nywele zangu.

"Na mvi hizi zimeanza lini, mwanangu?"

"Zina mwaka wa tatu, mama," nikamjibu, machozi yananitoka. Na miaka yote hiyo nilikuwa nikija kila mwezi, nakaa mbele yake, tunakunywa chai.