Chimni Iliyoguna Kitale

Mwanangu, iko siku moja ya mvua kule Kitale ambayo haijanitoka, hata sasa nimezeeka hapa Bungoma.

Nilikuwa kijana, nimetoka Bokoli na mwiko wangu wa uashi, najiona fundi kamili. Kukhu Nasimiyu, maana bibi kwetu huitwa kukhu, mjane aliyeishi peke yake kwenye nyumba ya zamani ya mawe, aliniita nimtengenezee chimni. Ukutani juu ya moto palikuwa na doa la unyevu, umbo lake kama mtu aliyeinama. Mota iliyoshikanisha mawe ilikuwa imeliwa. Ukiigusa inamwagika kama unga. Na ndani ya chimni kulisikika mguno mrefu, kama wa mgonjwa anayejigeuza kitandani.

"Unaisikia?" Kukhu aliniuliza. "Si upande kwanza uangalie huko juu?"

Paa lilikuwa na utelezi nami niliogopa, ila kukiri sikutaka. "Ni upepo tu, Kukhu." Nikapaka simiti nzito ndani na nje. Doa likapotea, sauti ikanyamaza, nikaenda zangu nikipiga mluzi. Mficha maradhi, mwanangu, kifo humfichua.

Wiki ya tatu nilipita kumsalimu. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Doa lilikuwa limerudi, na sasa halikuinama; lilisimama wima hadi darini. Kukhu alikuwa kitini mbele ya moto, macho wazi, hajibu. Hewa ilikuwa nzito, kichwa changu kikaanza kuzunguka. Nikambeba mbio hadi nje mvuani. Akakohoa, akakohoa tena.

"Iliniita kwa jina," akaninong'oneza. "Nikaona niende tu."

Kesho yake nilimleta Mzee Wafula, aliyenifunza kazi. Akapanda juu, akashuka na konzi ya mota mbichi kama uji, akaniwekea kiganjani.

"Maji yanaingilia kule juu, na wewe umeyafungia ndani. Mota imeoza, moshi umepenya chumbani. Ati ulipaka! Huyu mama ulikuwa unamjengea kaburi, bana."

Tulikwangua mota yote mbovu kwa tindo. Tulipong'oa jiwe moja lililolegea, ule mguno ulitoka, ukapita juu ya vichwa vyetu, ukaenda. Majani ya miti hayakutikisika. Mzee Wafula alivua kofia, kisha akaniambia nilete chokaa.

Wahenga walituonya tuzibe ufa, lakini kupaka juu juu si kuziba. Tafuta maji yanapoingilia, si yanapojitokeza. Toa kilichooza, acha jiwe likauke, ndipo uzibe. Ukiogopa, sema unaogopa. Aibu yake hupita upesi. Na mwenye nyumba akikwambia anasikia kitu, msikilize.

Nenda na mwiko wako, mwanangu. Mungu aushike mguu wako juu ya kila paa, na wote watakaoota moto ulioutengenezea njia waamke wazima.