Mwandishi wa Pili

Mimi ni mwoga, na sijawahi kulificha jambo hilo. Naogopa ng'ombe, naogopa radi, naogopa simu inayolia alfajiri. Lakini miaka ile nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu katika chuo kimoja hapa Machakos, kitu nilichokiogopa kuliko vyote kilikuwa kalamu nyekundu ya msimamizi wangu.

Alikuwa profesa wa kizazi cha zamani. Umri wa kustaafu ulikuwa umempita, na chuo kilikuwa kimemwongezea mkataba kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyeielewa saruji kama yeye. Hakusoma chochote kwenye kompyuta. Hata barua pepe zake alichapiwa na katibu wa idara. Ulimpelekea kazi ikiwa kwenye karatasi, nayo ikarudi imejaa wino mwekundu kuanzia kichwa hadi marejeleo. "Sentensi hii inasema nini?" "Umepima au umeota?" Nilikuwa nazichukua karatasi hizo ofisini mwake, nazitia mkobani bila kuzitazama, kisha nazisoma nikiwa nimeketi mahali peke yangu.

Kazi yenyewe ilihusu vigae vya kuezekea vilivyotengenezwa kwa saruji na nyuzi za mkonge. Mkonge kwetu ndio wigo wa shamba. Nyuzi zangu nilizitoa kwa mama mmoja wa Muthetheni anayesokota kamba. Kigae kipya cha namna hiyo ni kigumu, unaweza kusimama juu yake. Kikinyeshewa misimu kadhaa kinaanza kukatika kama biskuti, na swali letu lilikuwa moja tu: kwa nini? Huenda ni chokaa iliyo ndani ya saruji inayoula uzi wa mkonge polepole. Au huenda ni uzi wenyewe unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, mpaka unaachana na saruji iliyoushika. Chokaa au maji. Nilikuwa nimevunja vigae hadi viganja vikaota sugu, na nilikuwa na picha za hadubini nilizopigiwa Nairobi. Kilichobaki ni kuandika makala na kuyapeleka kwenye jarida moja la ng'ambo, lile linalosomwa na watu wa saruji, chuma na nyuzi.

Bila makala kukubaliwa na jarida, chuo hakingeniruhusu kutetea tasnifu. Bila shahada, mkataba wangu wa kufundisha ulikuwa unaishia Desemba, na wenzangu wawili walikuwa wameshafungasha vitabu vyao wakarudi kwao. Kwa hiyo niliogopa, na sababu nilikuwa nayo.

Katika rasimu ya kwanza niliandika kwamba ni maji. Profesa aliikata aya nzima akaandika pembeni: "Hapana. Chokaa. Fikiria." Nilifikiria, nikaandika upya kwamba ni chokaa. Ikarudi: "Nani amekwambia ni chokaa? Umezitazama picha zako kweli?" Niliwasimulia wenzangu kantini, tukacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Kila mwanafunzi wa uzamifu ana hadithi kama hiyo. Profesa asiyebadili mawazo, tuliambiana, huyo ni mgonjwa. Nikayarudisha maji. Rasimu ikarudi: "Hapana. Chokaa. Fikiria."

Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Nilizitandaza karatasi zile juu ya meza ya maabara, katikati ya vipande vya vigae, na kicheko cha kantini kikanikauka. Mtu aliyebadili mawazo hukumbuka alikotoka; husema, juzi nilidhani hivi, leo naona vile. Huyu alikuwa akiisoma aya ile kwa mara ya kwanza kila mara, na kukasirika upya. Nikaanza kukumbuka mengine. Siku hizo alikuwa ameanza kuniita mwiitu, yaani msichana kwa Kikamba, na mimi nilikuwa nimejipa moyo kwamba ananipenda kama binti yake. Sasa nikahesabu ni lini mara ya mwisho alinitaja kwa jina, nikashindwa. Nilizikusanya karatasi, nikazirudisha mkobani, sikumwambia mtu. Mtu mzito kama yule utamwulizaje kama anakumbuka?

Niliamua kuzifuata picha. Zilionyesha uzi ukiwa mzima kabisa, na kando yake ufa mwembamba kati yake na saruji. Uzi haukuliwa; uliachana. Niliandika hivyo, nikampelekea mkononi, nikakaa mbele yake alasiri yote huku akisoma. Nilikuwa nikiitazama ile kalamu. Ilisimama juu ya ile aya, ikakaa, ikaendelea. Alipofika mwisho akazipanga karatasi vizuri, akasema, "Peleka." Nilitoka haraka kabla hajaniita tena.

Kupeleka makala kwenye jarida si kama kutia barua kwenye sanduku la posta. Kuna barua ya kumbembeleza mhariri. Kuna picha, kila moja peke yake na kwa ukubwa wake. Kuna nakala moja yenye majina, na nyingine isiyo na jina la mtu yeyote, ili wahakiki wasijue wanamsoma nani. Kisha kuna orodha ya waandishi: jina langu la kwanza, lake la pili. Mwisho kabisa kuna kisanduku unachotia alama kuthibitisha kwamba waandishi wote wamesoma na kuridhia. Kidole changu kilikataa kidogo. Amesoma? Amesoma, nimemwona. Ameridhia? Amesema peleka. Nikatia alama, nikatuma, nikaenda kununua mandazi kujipongeza. Mtambo wa jarida ulikuwa umeniambia kwamba kila mwandishi ataandikiwa athibitishe mwenyewe. Niliyasoma maneno hayo na hayakunishtua hata kidogo, mimi ninayeshtuliwa na kila kitu.

Jumatatu mwenyekiti wa idara akaniita. Ni mtu mpole, na upole wake siku hiyo ndio ulionitisha.

"Keti," alisema. Akanisukumia karatasi kwa kidole. Ilikuwa ile barua pepe ya jarida, imechapwa. "Prof amekuja hapa asubuhi na hii. Amekasirika vibaya. Anasema kuna mtu anatumia jina lake kwa makala hajawahi kuona."

Kutumia jina la profesa bila idhini yake ni wizi, na chuoni hakuna wizi mkubwa kuliko huo. Ukipatikana nao, shahada imekufa na kazi imekwenda, na popote utakapoomba nyingine habari zako zitakuwa zimekutangulia.

"Aliisoma," nilisema hatimaye. "Nilikuwa nimekaa mbele yake."

"Yeye anasema hajasoma. Mimi nitaamini nani?" Alisugua macho. "Uko na kitu ya kuonyesha? Chochote. Kesho niko na mkutano wa idara. Hii maneno ikitoka hapa iende kwa kamati ya nidhamu, si yangu tena."

Nilikuwa nacho. Mkoba ulikuwa mapajani, na rasimu zote zilikuwa humo, kila ukurasa na mwandiko wa profesa, ambao mwenyekiti aliujua kama mwandiko wa mkewe. Ningezitoa tu na kuziweka mezani. Lakini mwenyekiti pia ni msomi. Angezipanga kama nilivyozipanga mimi, angesoma "chokaa" na "nani amekwambia ni chokaa", na angeona nilichokiona. Kesho yake profesa asingekuwa na ofisi. Nilikaa pale nimeushika mkoba kwa mikono miwili. Ningependa kusema nilinyamaza kwa wema. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kotekote, na mtu wa aina yangu akiogopa kotekote huganda.

"Nitaleta kesho asubuhi," nilisema.

Mchana huo nilikwenda nyumbani kwa profesa, upande wa Mua, kwenye shamba lake la miparachichi. Sikuwa na mpango wowote. Mkewe alinipokea, akaniketisha sebuleni, akaleta chai na nduma, akakaa mbele yangu bila kugusa kikombe chake.

"Ni juu ya ile karatasi," alisema. Halikuwa swali.

"Ni hiyo, Mwaitu," nilijibu, yaani mama.

"Tulienda hospitali mwezi wa nne. Daktari alituambia ni nini, na kwamba itaendelea tu."

"Yeye anajua?"

"Siku zingine anajua. Hizo ndizo siku mbaya."

Nilimweleza yote: mwenyekiti, mkutano wa kesho, rasimu zilizo mkobani. Alinisikiliza huku akiukunjakunja upindo wa leso yake.

"Ukipeleka hizo watamtoa," alisema. "Na hiyo ofisi ndiyo inamwamsha asubuhi. Akikosa mahali pa kwenda, nitabaki na nini hapa?"

"Na mimi je, Mwaitu? Wakisema nimeiba jina?"

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sitakudanganya."

Basi tukakaa hapo wanawake wawili, kila mmoja anamhurumia mwenzake na kila mmoja anajiogopea. Ndipo profesa akaingia kutoka shambani, buti zimejaa udongo, uso umechangamka. "Wimuseo, mwiitu?" alinisalimia, nikajibu kwamba mimi ni mzima. Sikuweza kujua kama alinitambua. Hakuonekana kama mtu aliyenishtaki asubuhi.

Nilipokuwa nikipekua mkoba nilikuwa nimeiweka mezani ile nakala ya makala isiyo na majina. Aliiona kabla ya kukaa.

"Hii wameleta lini?" alimwuliza mkewe. "Ni ya kuhakiki?"

Kwa miaka mingi majarida yalikuwa yakimtumia kazi za watu ahakiki, nazo zilikuja hivyo, bila jina. Mkewe alinitazama. Mimi nilitazama nduma. Alikuwa ameshavuta kiti, anapapasa mfuko wa shati akitafuta kalamu nyekundu. Kama angeikata ile aya na kuandika "Chokaa. Fikiria," sijui ningefanya nini. Nadhani ningelia pale pale.

Alisoma. Chai aliyomiminiwa na mkewe ilipoa ikatanda utando. Alipiga mstari hapa, akaweka alama pale, akaguna kwenye jedwali la pili, na kwa kweli lile jedwali lilikuwa na kosa ambalo mimi na yeye tulikuwa tumelipita mara zote. Kwenye ile aya alisimama. Akaifungua picha ya hadubini, akaivuta karibu na macho, akarudi kwenye maneno. Kisha akaandika, nami niliyasoma nikiwa upande wa pili wa meza, juu chini: "Kweli. Lakini onyesha upana wa ufa."

"Hii kazi ni nzuri," alisema alipomaliza, akiniambia mimi kama mtu anavyomwambia mgeni. "Huyu amevunja vigae kweli, hajaota. Na anaonekana amefunzwa na mtu mkali." Akatabasamu. "Unamjua aliyemfunza?"

Mkewe alikuwa amesimama. Alitikisa kichwa polepole, ananiomba nisiseme. Ningeweza kusema simjui. Ingekuwa rahisi zaidi kwa kila mtu aliyekuwa mle chumbani, isipokuwa mimi.

"Ni wewe, Prof," nilisema. "Na aliyevunja vigae ni mimi."

Tabasamu lilibaki usoni kidogo baada ya macho kuliacha. Alizigeuza karatasi, akaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, haraka, kama mtu anayetafuta funguo. Nimeishi na woga maisha yangu yote, lakini sijawahi kuuona ukiwa mkubwa hivyo kwenye uso wa mtu mwingine.

"Leo asubuhi," alisema, "nilienda kwa mwenyekiti. Sivyo?"

"Ndiyo, Prof."

"Nikasema nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, sikupunguza. Mkewe aliketi akajifunika uso kwa leso. Profesa alisikiliza hadi mwisho, akaifunika kalamu kwa kifuniko chake, akanyoosha mkono.

"Nipigie mwenyekiti. Sasa hivi, mwiitu. Kabla hii kumbukumbu haijaniondoka."

Nilimtafuta mwenyekiti kwenye simu yangu, nikampa profesa. Alisimama kuongea, wima, kama anafundisha.

"Bwana mwenyekiti. Ile makala nimeisoma. Ni kazi ya mwanafunzi wangu na jina langu liko mahali pake." Akasikiliza. "Hapana, hakunidanganya mtu. Nilisahau. Hapana, si mara moja." Akasikiliza tena, amefumba macho. "Ndiyo, ninajua ninachokwambia, na ninajua utafanya nini na mkataba wangu. Tafuta kalamu uandike. Kesho ama kesho kutwa nikija huko nikakataa tena, usiniamini mimi. Mwamini huyu mwiitu."

Akanirudishia simu. Mkewe akanitajia neno la siri la barua pepe ya mumewe, nikamfungulia ile barua ya jarida humo, nikamwonyesha mahali, akabonyeza kwa uangalifu kwamba amesoma na ameridhia. Sikujua la kusema, kwa hiyo nikasema asante, Prof.

"Ya nini?" akaniuliza.

Huenda ulikuwa unyenyekevu tu, watu wa umri wake hujibu hivyo. Niliogopa kumwuliza.