Mbuzi ya Nazi na Wifi Yangu

Mie kilichonikondesha si maumivu. Maumivu niliyazoea. Kilichonikondesha ni kumwona wifi yangu amekalia mbuzi yangu ya kukunia nazi, kila asubuhi, jikoni mwangu, akiimba.

Wifi huyu ni dada mdogo wa mume wangu. Alifiwa na mumewe, na kwake ni Gede, ambako ana nyumba na kishamba cha mihogo. Alikuja kwetu Kibarani nilipoanguka. Niliteleza kwenye sakafu iliyolowa, nikatua kwa makalio, puu! Mifupa ikapona, lakini kuna mshipa wa fahamu ndani ya nyonga uliokataa kupona. Nikisimama, mzima. Nikilala ubavu, mzima. Nikikaa tu, moto unawaka huko chini, mahali ambapo mwanamke hamtajii kila mtu.

Sasa fikiria nyumba ya pwani ambayo mwenyewe hawezi kukaa. Kuchagua mchele, unakaa. Kukuna nazi, unakaa juu ya kibao chembamba chenye meno ya chuma mbele, na uzito wako wote umeuelekeza palepale panapouma. Nilikula nimesimama, sahani juu ya kabati, kama mlinzi wa benki. Wifi akaja kwa wiki moja. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, yupo.

Mume wangu, ambaye miaka yote alikula wali wangu kimya, siku ya kwanza alipokula wa dadake akasema, "Leo tui limekolea." Lo! Nilishika ukingo wa kabati nisije nikamrushia sahani. Kwani langu siku zote lilikuwa maji? Binti yangu naye akawa haishi shangazi. Shangazi nisuke, shangazi niambie, shangazi njoo uone. Mie nimesimama mlangoni, nawatazama wawili hao wamekaa kwenye mkeka wanacheka, na kijiba cha roho kimenikaa hapa.

Habari za leza baridi, mwanga wa kutuliza maumivu, alizileta yeye vilevile. Alisikia kuna kliniki mjini yenye mashine hiyo, akanishika mkono tukaenda, maana matibabu ya sehemu kama ile hayaendwi peke yako. Fizio, yule mtaalamu wa tiba ya viungo, alikuwa binti wa bara, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi.

"Mama, yanauma vipi?"

"Yauma," nikasema.

"Kama nini?"

Aibu ikanishika. "Yauma tu, mwanangu."

Wifi akadakia kutoka kwenye kona. "Daktari, ni kama amekalia pilipili iliyopondwa. Asubuhi yaanza kidogo, adhuhuri yawa waya wa moto, na akienda haja ndogo ndiyo huuma leso nisimsikie. Lakini namsikia."

Kila neno lilikuwa kweli. Fizio akawa anamtazama yeye, anamwuliza yeye, anaitikia kwa kichwa majibu yake. Hata ugonjwa wangu aliujua kunizidi!

Nikalala ubavu, leso imenifunika, sote watatu tumevaa miwani myeusi. Fizio akakigusisha kichwa cha mashine chini ya mgongo, kisha kwenye kifandugu, kisha pembeni ya nyonga. Nilikuwa nimejikaza nikingoja kuungua, wala hakuna joto, hakuna mwasho, ni taa nyekundu tu na mlio mdogo. Akaniambia wazi kwamba mwanga huo huwatuliza wengine, na wengine hauwafai kitu, hatanidanganya. Akanifundisha kupumua na kulegeza misuli ya ndani. Kisha akanikataza kukalia kitu chembamba.

"Hata mbuzi?"

"Hasa mbuzi, mama."

Nikamsikia wifi nyuma yangu akiitikia, "Nitahakikisha." Utahakikisha, ehe. Kwa raha zako.

Tukawa twaenda kila wiki. Nyumbani wifi akakata godoro kuukuu, akanishonea mto wenye pengo katikati ili ule mshipa usigandamizwe. Mto ulinifaa, na hilo ndilo lililonikera. Polepole, sijui ni mwanga, sijui ni mazoezi, sijui ni mto, nikaweza kukaa mpaka kikombe cha chai kiishe. Nililia siku hiyo. Wifi alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani, nikamwambia aache kelele.

Ndipo binti yangu akaposwa. Kwa kina mume wangu, nazi ya kwanza ya karamu huikuna mama wa bibi harusi, wanawake wote wamemzunguka. Mama asipoweza, huikuna shangazi. Hakuna aliyeniuliza kama nitaweza. Mama mkwe alisema, macho yake yako kwenye mchele anaouchagua, "Tusijitie taabu, shangazi yake yupo." Na wote wakaitikia, wa kwanza wao mume wangu.

Nimzae mie, nazi akune mwingine? Thubutu! Nikamwendea fizio nikamwambia aniongezee ule mwanga, anipige mara mbili, mara tatu, mie nina harusi. Akacheka.

"Mwanga si sabuni, mama, useme ukizidisha ndiyo utatakata. Umepata nafuu, hujapona. Mpe dada yako hiyo nazi."

"Si dada yangu," nikasema. "Ni wifi."

Siku yenyewe ua ulijaa wanawake, majamvi yametandikwa, nazi zimerundikwa. Wifi akatoka jikoni na mbuzi, akaiweka katikati, akaifuta kwa ncha ya leso yake. Kabla hajainama kukaa, nikaikalia mie.

Nikachukua kizio cha nazi, nikakuna. Waya ulishika moto kwenye kifandugu ukanipanda mpaka kwenye meno. Nikakuna. Nazi ikadondoka kwenye sinia, nyeupe, laini, na vigelegele vikapasuka kila upande. Nikamaliza kizio cha kwanza, nikadai cha pili. Jasho lilinitiririka mgongoni, wallahi, na sikuwahi kuwa na furaha kama ile.

Wifi akapiga magoti mbele yangu. "Wifi, waumwa?"

"Siumwi!" nikasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Nimepona!"

Akajifunika uso kwa leso, akaangua kilio. Nikasema moyoni, lia, bibi. Leo ni zamu yako kuumwa roho.

Harusi ikaisha, binti yangu akaenda kwa mumewe Malindi, na mie nikalala. Kukaa sasa hata kwa chai siwezi. Nikasema ni uchovu wa shughuli, wote wakaamini.

Asubuhi moja wifi akatoka chumbani na mkoba wake. "Naenda kwangu."

"Gede? Kufanya nini?"

Akainamisha macho kama msichana. "Kuna mtu, wifi. Ana duka pale kwetu. Mkewe alifariki. Alinitaka kabla ya Ramadhani iliyopita, nikamwambia siwezi kumwacha wifi yangu amesimama. Nikamwambia angoje mpaka ukae. Na kweli akangoja." Akacheka, machozi yakamlenga. "Siku ile uliposema umepona, mbele za watu, nililia kwa furaha. Nikajua na mie zamu yangu imefika. Ametuma gari lije kunichukua."

Nilishikwa na wivu ambao sijapata kuuona. Wivu juu ya huyo mwanamume nisiyemjua, atakayeamka kila siku aisikie sauti ile jikoni mwake. Na neno moja tu lingetosha. Ningesema bado naumwa, angeurudisha mkoba ndani bila kuuliza swali. Namjua.

Tukatoka nje. Pale mlangoni akasita, akanitazama kwa yale macho yaliyokuwa yananisikia nikiuma leso.

"Lakini siku hizi walala sana. Niambie kweli, wifi. Umepona?"

Nikaketi. Kwenye baraza ya saruji, bila mto, miguu inaning'inia. Nikapigapiga pale kando yangu.

"Njoo ukae," nikamwambia. "Hebu nisimulie, huyo mtu wako yukoje?"

Akakaa, akaanza. Ni mpole, ana sauti ya chini, aogopa vyura. Nikacheka palipotaka kicheko, nikauliza palipotaka swali, mikono nimeibana katikati ya magoti.

Gari lilichelewa.